Hesabu ya Kitanda Kimoja

Februari 1961, kura za Nairobi Mashariki zilipomalizwa kuhesabiwa, Tom Mboya alikuwa na 31,407. Aliyemfuata, Dkt. Munyua Waiyaki, alikuwa na 2,668. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata karibu 12. Yaani kwa kila mpiga kura mmoja aliyemtaka daktari, kumi na wawili walimtaka Mboya.

Waiyaki hakuwa mgombea wa kubahatisha. Alikuwa msomi, alikuwa mtu wa KANU kama Mboya mwenyewe, na nyuma yake alisimama Jaramogi Oginga Odinga. Tena wapiga kura wengi wa eneo lile walikuwa Wakikuyu kama yeye. Mboya alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, aliyezaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge huko Kilimambogo, karibu na Thika. Kwa hesabu ya kikabila, ile ambayo Wakenya tunaipiga hata tukiwa usingizini, alipaswa kushindwa vibaya.

Kueleza ushindi huo, wengi huukimbilia ulimi wake. Ni kweli, ulimi alikuwa nao: Kiingereza kilichowakera mabwana, Kiswahili cha jukwaani, na Kikuyu na Kikamba alivyovichuma utotoni kule shambani. Alama yake ya kampeni ilikuwa ndege, na kila mtu alijua ndege gani: ile iliyowapeleka vijana kusoma Marekani. Lakini ulimi peke yake hauzoi kura elfu thelathini. Ipo hesabu nyingine, na kwa maoni yangu inaanzia kwenye kitanda.

Nairobi ya ukoloni haikuwa ikihesabu makazi ya Waafrika kwa nyumba, wala kwa familia. Ilihesabu kwa nafasi za vitanda. Baraza la mji likitaka kujua limefikia wapi, liliuliza: vitanda vingapi vimejengwa, vingapi vimepungua? Mfanyakazi alikuwa mwanamume mmoja, kitanda kimoja, sanduku moja la bati chini ya kitanda. Mke hakuwa kwenye hesabu hiyo. Watoto hawakuwamo, wala mama mzee. Hao walidhaniwa wako reserve, wanalima, wanajilisha wenyewe, na uzeeni watampokea huyo mwanamume akirudi hana nguvu tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mshahara mdogo. Ukimlipa mtu kana kwamba ni kapera, gharama ya familia yake unamsukumia mwanamke mwenye jembe kijijini, na gharama hiyo haitaonekana kwenye kitabu chako.

Sensa ya 1948 ilikuta watu 118,976 Nairobi, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waafrika. Walikaa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonasa viatu mvua ikinyesha, huku Wazungu wakikaa magharibi kwenye udongo mwekundu wa vilimani. Pumwani ndiyo iliyotangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ikafuata Kariokor, iliyobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya jeshi la Mwingereza hadi wengi wakafia njiani. Kisha Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, na Kaloleni, ambayo miongoni mwa mafundi wake walikuwamo wafungwa wa vita Waitaliano. Bahati ikaja baadaye kidogo. Reli nayo ilikuwa na mitaa yake, Muthurwa na Makongeni. Kaloleni ilikuwa afadhali kidogo: ilipangwa kwa kuzingatia familia, na ukumbi wake wa mikutano ukawa bunge la watu wasiokuwa na bunge. Lakini Kaloleni ilikuwa tone tu kwenye ndoo.

Jambo moja hapa hutajwa mara chache. Mpango mkuu wa Nairobi, ule uliochapishwa mwaka 1948 na kuitwa waziwazi mpango wa mji mkuu wa kikoloni, uliandikwa na wataalamu waliotoka Afrika Kusini. Thornton White alikuwa profesa wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Cape Town; Silberman alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Johannesburg; wa tatu, Anderson, alikuwa mhandisi. Na Mei mwaka huohuo, huko kwao, chama cha Makaburu kilishinda uchaguzi na kuanza kuuandika ubaguzi wa rangi kuwa sheria, kifungu kwa kifungu.

Sisemi Nairobi ilikuwa Johannesburg. Hatukuwa na sheria moja kubwa ya kugawa mji kwa rangi kama ile waliyoipitisha Makaburu mwaka 1950. Sisi tulikuwa na kanuni ndogondogo za baraza, hatimiliki zenye masharti, kipande, amri ya kutotembea usiku, na bei. Matokeo yalifanana kiasi cha kushangaza. Kwa jambo moja, tena, Nairobi ilikuwa na ubahili zaidi kuliko Makaburu wenyewe: wakati Soweto ilikuwa ikijengewa maelfu ya vijumba vya vyumba vinne, vya mita za mraba kama 40, kwa ajili ya familia, hapa bado tulikuwa tukihesabu vitanda. Makaburu walikuwa na mabweni yao ya makapera pia, tena mabaya. Ila kwetu kapera ndiye aliyekuwa kanuni, na familia ndiyo iliyokuwa dharura.

Mji huo ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950. Zikapita siku 47 tu, wafanyakazi wakagoma. Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameshakamatwa siku moja kabla. Dai mojawapo la wagomaji lilikuwa mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi. Naomba msomaji aiweke mfukoni hiyo shilingi 100, kwa sababu nitaitumia kama kijiti cha kupimia mambo mengine huko mbele. Haikuwa mshahara waliokuwa wakiupata; ilikuwa ndoto yao. Mgomo ulidumu siku 9 na ukavunjwa. Makhan Singh, aliyekuwa ameudai uhuru kamili mbele ya umati katika ukumbi wa Kaloleni wiki chache tu kabla, alifungiwa kaskazini kwa zaidi ya miaka 11.

Ndipo anapoingia kijana wetu, Mboya. Aliacha masomo ya sekondari Mang'u kwa kukosa karo, akasomea kazi ya afya Kabete, akaajiriwa na Baraza la Jiji kuwa mkaguzi wa afya. Mitaani cheo hicho kilikuwa na jina lake, nalo lipo hadi leo: Bwana Afya. Fikiria kazi yenyewe. Bwana Afya huingia chumbani kwa mtu bila kubisha sana, huangalia choo, mfereji, jiko, kisha huhesabu. Wangapi wanalala hapa? Kwa kanuni ni wanne; mbona naona mablanketi manane? Mboya alilipwa ili ahesabu msongamano ule ambao mwajiri wake ndiye aliyeusababisha. Sijui kama kuna shule bora zaidi ya siasa.

Naye mwenyewe alikuwa mstari katika hesabu hiyo. Mkaguzi Mwafrika, aliandika baadaye, alilipwa moja ya tano tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu kwa kazi ileile. Tuivute hesabu hiyo kidogo. Alichokipata Mzungu ifikapo mwisho wa Januari, Mwafrika alikisubiri hadi mwisho wa Mei. Miaka mitano ya jasho la mmoja ni mwaka mmoja wa mwenzake. Serikali kuu ilijiona ina huruma zaidi: tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza Mwafrika mwenye sifa sawa alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Tatu ya tano, moja ya tano. Hata dhuluma ilikuwa na jedwali lake.

Kisa cha mama wa Kizungu na maziwa wengi mnakijua. Aliingia maabara akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamwona Mboya, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu humu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na ni kichekesho kizuri. Lakini nakiona pia kama takwimu. Mama yule alihesabu watu waliomo chumbani na akapata sifuri.

Mwaka 1954 serikali yenyewe ilikiri. Kamati ya mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa Carpenter, ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta binafsi, na karibu robo ya walio katika utumishi wa umma, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya msingi ya afya, heshima na uwezo wa kufanya kazi. Kamati haikuwa ya wakomunisti. Ilikuwa ya serikali ya mkoloni. Ikapendekeza kuondoka kwenye mshahara wa kapera na kwenda kwenye mshahara wa mtu mwenye familia, taratibu, katika muda wa miaka 10. Miaka kumi! Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati huo angekuwa darasani kabla baba yake hajahesabiwa kuwa ana mtoto.

Na mwaka uleule ripoti ilipotoka, mji ulisombwa. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya mkoloni, yakiwasaka Mau Mau, yaliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hugongea juu yake. Mitaa ilifungwa mmoja baada ya mwingine, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine, wakachujwa Lang'ata, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini Manyani na Mackinnon Road bila kushtakiwa. Wake na watoto walirudishwa reserve kwa malori. Waliobaki walikusanywa katika mitaa kama Bahati, ikazungushiwa ua wa seng'enge na kuwekewa saa za kutoka na kuingia. Safari hii vitanda vilibaki vitupu, na waajiri waliokuwa wakilalamika kwamba Waafrika ni wengi mno mjini wakaanza kulalamika kwamba hawapati vibarua.

Chama cha siasa cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku tangu Juni 1953. Kenyatta alikuwa kifungoni, na wenzake Kubai na Kaggia pia. Kilichobaki halali ni vyama vya wafanyakazi, na mwaka huo wa 1953 shirikisho lao lilimpata katibu mkuu mpya mwenye umri wa miaka 23. Hapo Mboya hana budi kusifiwa kwa jambo lisilo na shamrashamra. Alijua kusoma mkataba wa ajira. Alijua kuandika barua inayonukuu ripoti ya serikali dhidi ya serikali. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, aliteremka pwani, akawashawishi warudi kazini ili kesi iende kwa msuluhishi, na wakatoka na nyongeza ya kama theluthi ya mshahara. Habari ya theluthi haikuhitaji gazeti kufika Nairobi. Ilipanda treni.

Mwaka 1957, kwa mara ya kwanza, Waafrika waliruhusiwa kuchagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa 8. Vya Wazungu wa kuchaguliwa vilikuwa 14. Kwa sensa iliyokuwapo, ile ya 1948, Kenya ilikuwa na Waafrika 5,251,120 na Wazungu 29,660. Kwa hiyo kiti kimoja cha Mwafrika kilibeba watu 656,390, na kiti kimoja cha Mzungu kilibeba watu 2,119 hivi. Mzungu mmoja alikuwa na uzito wa Waafrika 310. Mwenye kudhani ubaguzi wa rangi ni suala la kutukanana tu na apige hesabu hiyo mara mbili.

Na hata ndani ya hao Waafrika, kura hazikuwa sawa. Mwenye shule, mali au mshahara mnono aliweza kupewa hadi kura tatu peke yake. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza awe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa tofauti ya kura mia chache tu. Linganisha na ile 31,407 ya miaka minne baadaye. Katikati ya namba hizo mbili kuna kuongezeka kwa haki ya kupiga kura, ndiyo, lakini pia kuna kazi ya mtaa kwa mtaa.

Sheria ya wakati huo ilimzuia Mwafrika kuunda chama cha nchi nzima. Ilimruhusu chama cha wilaya tu. Wakoloni walitaka kila mwanasiasa abaki kwenye kijiji chake. Kijiji cha Mboya kikawa Nairobi, na moyo wa Nairobi ya Waafrika ukawa Eastlands. Chama chake cha People's Convention kilikuwa na matawi mitaani, kilikutanisha watu Makadara na Kaloleni, kilisusia mabasi, bia na sigara. Kususa ni silaha ya mtu anayejua hesabu. Mtu mmoja asipopanda basi, kampuni haisikii. Mtaa mzima ukitembea kwa miguu kutoka Bahati hadi mjini, mhasibu atapata homa. Bia na sigara nazo zilikuwa na ushuru, kwa hiyo kila chupa iliyoachwa ilikuwa senti iliyokosekana hazina.

Sasa twende kwenye dola, kwani hapo ndipo maadui zake walipomshikia.

Mwaka 1956, akitoka Oxford alikosomea chuo cha Ruskin, Mboya alizunguka Marekani kwa mwaliko wa kamati iliyoitwa American Committee on Africa. Kamati hiyo ilizaliwa kutokana na kikundi kilichoanzishwa mwaka 1952 kuchangisha fedha kwa ajili ya kampeni ya ukaidi ya Afrika Kusini, ile ambayo Mandela na wenzake walivunja sheria za ubaguzi kwa makusudi na kujazana magerezani. Njia iliyochimbwa kwa ajili ya Johannesburg ndiyo iliyompitisha mtu wa Nairobi. Katika safari hiyo alipata dola 35,000 kutoka kwa muungano wa wafanyakazi wa Marekani za kujengea makao ya shirikisho. Kwa ubadilishaji wa wakati huo, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, kwa hiyo tunaongelea shilingi 250,000 hivi. Sasa itoe ile shilingi 100 mfukoni. Ni mishahara 2,500 ya mwezi, ile mishahara ya ndoto. Kuli mmoja angefanya kazi miaka 208 bila kula. Jengo lenyewe, Solidarity, liko Barabara ya Digo, Gikomba, hatua chache kutoka kwa wauza mitumba, na si wengi wapitao hapo wanaokumbuka lilivyopatikana.

Aprili 1959 alirudi Marekani, akatoa hotuba zipatazo 100 katika muda wa wiki chache, na Septemba hiyo ndege ya kukodi ikaondoka na wanafunzi 81. Hotuba mia kwa wanafunzi themanini na mmoja: kila kijana aligharimu hotuba moja na ushei. Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walitia sahihi barua za kuomba michango. Martin Luther King alisaidia. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani ikisuasua, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Hizo ni shilingi 714,000, karibu miaka 600 ya kuli wetu. Katika kundi la 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri aliyekwenda chuo kidogo cha Kansas, na ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Hadi 1963 waliosafirishwa walikaribia 800.

Karo na nauli si kitu kimoja. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi na ufadhili. Pengo lilikuwa tikiti ya ndege, na pocket money ya kumwanzisha kijana. Familia nyingi ziliuza ng'ombe, mitaa ilifanya michango ya chai. Kwa hiyo ukisema Kennedy aliwasomesha Wakenya, unamsahau nyanya fulani aliyeuza mtamba. Mboya alijua kuziunganisha hizo mbili, senti ya mtaani na dola ya ng'ambo, na ndiyo maana mpiga kura wa Makongeni, ambaye mwanawe hakuwamo ndegeni, aliweza kuitazama alama ya ndege kwenye karatasi ya kura akaona kuna kiti chake ndani.

Waliomchukia walisema amenunuliwa na Wamarekani. Fedha za Kimarekani zilikuwepo, na nyingine zilipita mikono ya watu waliokuwa wakipigana vita baridi, si vita vya Kaloleni. Odinga naye alikuwa akipeleka wanafunzi Mashariki, kwa tikiti zilizolipwa na Moscow na wenzake. Nikipiga hesabu yangu naona Kenya ilipata pande zote mbili, na mkoloni, aliyekuwa ametawala zaidi ya miaka 60 bila kutujengea chuo kikuu kamili, ndiye aliyepaswa kuona haya.

Desemba 1958 Mboya aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti Accra, mkutano wa watu wa Afrika yote. Alikuwa na miaka 28. Mbele yake walikuwamo Patrice Lumumba, ambaye mtaa karibu na Jericho una jina lake leo, na mwandishi Ezekiel Mphahlele, aliyekuja kusema kwa niaba ya ANC na baadaye akaishi Nairobi na kuongoza kituo cha Chemchemi. Mboya aliwaambia wakoloni kwamba muda uliopita tangu wagawane Afrika Berlin unatosha, sasa wafungashe. Mkutano ukataka Afrika Kusini isusiwe kiuchumi. Kwa mtu aliyekuwa ameongoza mtaa kususa basi, kususia nchi nzima ilikuwa ni kuongeza sifuri tu kwenye hesabu ileile. Ingechukua zaidi ya miaka 30 kulipa.

Turudi basi kwenye 31,407. Kitanda kimoja mara maelfu, mshahara wa kapera, moja ya tano, Wazungu 2,119 kwa kiti, theluthi ya Mombasa, wanafunzi 81. Mkikuyu aliyetoka Manyani akakuta kitanda chake kina mtu mwingine, Mluhya wa Muthurwa, Mkamba wa Makongeni na Mjaluo wa Kaloleni hawakuwa na lugha moja ya mama, lakini walikuwa na karatasi moja ya mshahara. Mboya aliwasomea karatasi hiyo kwa sauti. Waiyaki alikuwa mtu mzuri, lakini hakuwa na kitu cha kuwasomea.

Baadaye hesabu ilimgeukia, na hapa sitamwonea huruma. Akiwa Waziri wa Kazi alisimamia makubaliano ya 1962 kati ya serikali, waajiri na vyama, na migomo ile iliyomlea ikawekewa kamba. Akiwa mpangaji wa uchumi aliongoza kuandikwa kwa Sessional Paper namba 10 ya mwaka 1965, iliyosema fedha ziende kwanza mahali ambapo zitazaa haraka. Ni hoja ya mhasibu. Ina mantiki yake, na imeziacha wilaya nyingi zikisubiri zamu hadi leo. Wakati huohuo Nairobi ilitoka watu 118,976 mwaka 1948 hadi 509,286 mwaka 1969, mara nne na zaidi, hata ukikubali kwamba mipaka nayo ilipanuliwa. Familia zilikuja mjini bila kusubiri mshahara wa familia. Chumba cha makapera wanne kikawa cha baba, mama, watoto watano na binamu aliyekuja kutafuta kazi. Pazia likawa ukuta. Waliokosa hata hicho wakaenda Mathare.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, mchana, alitoka kwenye duka la dawa Government Road, akapigwa risasi mbili. Alikuwa na miaka 38. Zilibaki siku 41 afikishe 39. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo, na swali la nani aliyemtuma halijawahi kufungwa. Siku tatu baadaye, kwenye misa ya wafu, polisi waliwarushia waombolezaji gesi ya kutoza machozi. Zile kura 31,407, zilizokuwa za Wakikuyu na Wajaluo na wengine katika sanduku moja, hazikupatikana tena zikiwa pamoja kwa mtu mmoja kwa muda mrefu sana. Kama ningeulizwa risasi zile ziligharimu nini, ningeanza hapo.

Kamukunji, eneo lake la mwisho la bunge, lilijaa watu tena tarehe 7 Julai 1990, wakidai vyama vingi, wakakutana na virungu. Siku chache baadaye Nelson Mandela, miezi mitano tangu atoke gerezani, alitua Nairobi na kuhutubia Kasarani, akawataja wapiganaji wa Mau Mau ambao serikali iliyomkaribisha haikupenda watajwe. Kutoka Kamukunji hadi Kasarani ni safari ya matatu mbili. Wengi waliokwenda kumshangilia walikuwa bado na michubuko.

Victoria Street ikapewa jina la Tom Mboya. Sanamu yake, iliyowekwa mwaka 2011, iko karibu na alipoangukia, na jioni umati unaotafuta gari la kwenda Jogoo Road hupita miguuni pake bila kuinua macho, kwa sababu mvua inatisha na nauli inapanda. Mitaa ya zamani inabomolewa kidogokidogo, orofa zinaota mahali pa vigae. Kwenye mlingoti wa stima karibu na City Stadium kuna karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga, namba ya simu imekatwakatwa chini ili uchane kipande chako. Inatangaza chumba kimoja, choo ndani, stima ya tokeni. Kwa wino wa kalamu mtu ameongeza: mtu mmoja tu, bila watoto.